Shimo Kabla ya Mche

Katika Gitothua, kata ya mji wa Ruiru ambako mashamba ya kahawa yamekuwa yakipisha ploti na majengo ya ghorofa mwaka baada ya mwaka, nilipata kuitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo ili niwasakinishie programu mpya ya kuendeshea shughuli zao zote: akiba za wanachama, mikopo, mishahara ya watumishi, na taarifa zinazopelekwa kwa wasimamizi wa vyama. Nilipofika nilikuta seva imenitangulia, ingali ndani ya sanduku lake juu ya meza ya mapokezi, na mwenyekiti amesimama kando yake. "Fundi," akaniambia kwa furaha, "leo jioni tutakuwa tumeshaingia kwenye mfumo, sivyo?" Nikamjibu kwa adabu impasayo mtu wa umri wake, "La, Mzee. Leo sanduku hilo sitalifungua. Nitahitaji wiki tatu." Furaha ikamtoka usoni, akaketi.

Wiki tatu hizo ndizo kiini cha makala haya. Watu wengi, nao wamo wakurugenzi wenye elimu na uzoefu, huyahesabu matayarisho ya kompyuta kuwa ni ukingo wa kazi, jambo la kupitiwa upesi ili kazi yenyewe ianze. Nami, baada ya miaka mingi ya kuitwa usiku kwenda kutafuta hesabu zilizopotea, nimeamini kinyume chake, kwamba kusakinisha ni kubonyeza vitufe tu kwa muda wa saa mbili, na kwamba kheri au shari ya mfumo huwa imekwisha kukadiriwa kabla ya muda huo kufika. Na katika matayarisho yenyewe mambo hayalingani kwa uzito. Yako yanayorekebishika kesho bila taabu, kama vile kumbukumbu iliyopungua au diski iliyojaa. Na yako ambayo yakiisha kuingia katika msingi hayatoki ila kwa kuibomoa nyumba. Fundi asiyejua kuyatenga makundi haya mawili hujadili ukubwa wa diski kwa siku tano, kisha akachagua jina la seva na seti ya herufi zake kwa dakika moja, huku akimalizia chai.

Wenyeji wa Ruiru hawana haja ya kufundishwa jambo hili na fundi wa kompyuta. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo hapa hapa Ruiru ndiko ilikotoka, mwaka 1985, aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye kuhimili chulebuni na kutu ya majani. Na mkulima anayekwenda kuchukua miche huambiwa achimbe shimo la sentimita 60 kwenda chini na sentimita 60 kila upande, tena alichimbe miezi mitatu kabla ya kupanda, alijaze udongo wa juu uliochanganywa na samadi, kisha aliache litulie hadi mvua za masika. Mche ulio bora kabisa ukitiwa katika shimo la haraka haufi siku ile. Huishi, ukatoa majani, na udhaifu wake hudhihiri baadaye, mavuno yanapoanza kungojewa, wakati ambapo hakuna tena awezaye kuung'oa na kuanza upya bila ya hasara. Programu ya shirika ina tabia hiyo hiyo, na ndiyo maana wanaoisakinisha kwa haraka huondoka wakisifiwa.

Yafaa nieleze ni programu ya namna gani hii. Ile iliyo katika simu ya mtu hukaa peke yake, nayo ikiharibika huifuta akaiweka tena. Programu ya shirika ni jamii ya programu zinazotegemeana: iko hifadhidata inayotunza habari za fedha, iko ile inayopokea maombi ya watumishi walioko madirishani, iko inayozungumza na M-Pesa ili malipo ya mwanachama yaonekane katika akaunti yake, na kwa wafanyabiashara iko pia inayopeleka ankara kwa Mamlaka ya Mapato kwa njia ya eTIMS. Chini ya zote hizo uko mfumo endeshi, na chini ya mfumo endeshi kuna chuma, nyaya na umeme. Ufa ukiwa chini hupanda juu ukatokeza mahali pasipo pake, hata mhasibu akaona salio lisilokubaliana na vitabu, asijue kwamba kisa chake kilianza kwenye tundu la umeme ukutani.

Kwa hiyo nilianza na tundu la umeme. Nilikaa kutwa nzima na mita ya kupimia volti, daftari magotini, nikiandika kila robo saa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Chini ya ofisi ile palikuwa na karakana ya mchomelea vyuma, mtengenezaji wa malango na madirisha, ambaye kila alipogusisha ncha ya kijiti chake kwenye chuma taa za ofisini zilififia kidogo, kiasi ambacho waliozoea hawakukiona tena. Mita yangu ilisoma volti 240 kabla hajaanza. Cheche zilipotoka ikashuka hadi 198. Alipoinua mkono ikaruka kupita 250, kisha ikatulia. Hayo yalijirudia mara nyingi mno, na adhuhuri nilikuwa nimekwisha kuacha kuhesabu.

Msomaji atadhani kwamba mshuko huo huiua seva. La. Vifaa vya umeme vya seva za siku hizi huuvumilia vizuri. Isiyouvumilia ni UPS, ile betri ya akiba inayokaa kati ya ukuta na mashine, ambayo kila volti zinaposhuka huirukia zamu yake, na ikirukia mara mia kwa siku, betri yake ya risasi na asidi, iliyotarajiwa kudumu miaka mitatu hadi mitano, huchakaa kabla ya wakati, hata siku ya giza la kweli ikakutwa haina kitu. Tukamwita fundi wa umeme mwenye leseni, akatutolea njia ya peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, tukatia kidhibiti cha volti mbele ya UPS, na katika kupima waya wa ardhini tukagundua kwamba waya ule haukufika ardhini popote. Ulikuwa umekatwa na kufichwa nyuma ya ubao, tangu lini hapana ajuaye.

Jambo la pili lilikuwa tokeni. Stima ya ofisi ile, kama stima ya nyumba nyingi za hapa, ilikuwa ya kununuliwa kabla ya kutumiwa, na aliyeinunua alikuwa tarishi, kwa simu yake mwenyewe, kila aliposikia mita inalia. Siku za kazi utaratibu huo ulitosha. Lakini seva haipumziki Jumapili. Usiku wa Jumapili ndipo inapopiga hesabu za riba na kutoa nakala za akiba, na mita ikilia katika ofisi iliyofungwa hakuna aisikiaye. Niliwaomba wakurugenzi waandike katika kumbukumbu za kikao kwamba tokeni zitanunuliwa kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na kwamba kazi hiyo ni ya mhasibu msaidizi. Mmoja wao aliona kuwa ni jambo dogo mno kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Liliandikwa.

Wala giza si habari ya jengo moja. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru aliiacha nchi nzima bila umeme kwa saa kadhaa, na usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza liliifunika sehemu kubwa ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. UPS haiwezi kulishinda giza la usiku mzima, na haikuundwa kwa ajili hiyo. Muradi wake ni kuipa seva dakika kumi au ishirini za kukamilisha muamala ulioko mkononi, kuzifunga faili zake kwa utaratibu, na kujizima. Ili hayo yawezekane sharti waya mwembamba wa mawasiliano utoke kwenye UPS uingie kwenye seva, na programu ndogo iisikilize betri na kutoa amri wakati ufaapo. Nimeingia ofisi nyingi zenye UPS ya thamani kubwa, ambamo waya huo ungali ndani ya mfuko wake wa nailoni, haujafunguliwa tangu siku ya kununuliwa.

Vumbi nitalitaja kwa ufupi. Udongo mwekundu wa nchi hii, wenye rutuba kwa mbuni, ni adui wa feni. Seva hukaa katika chumba chenye mlango unaofungika na dirisha lisilofunguliwa, juu ya sakafu isiyofagiliwa kwa ufagio mkavu. Basi.

Kisha hufuata mfumo endeshi. Kila mwenye kuunda programu hutoa waraka wa masharti, akitaja kumbukumbu kiasi gani, diski kiasi gani, toleo lipi la Windows au la Linux, na sijui waraka unaosomwa vibaya kuliko huu. Masharti ya chini kabisa huandikwa ili programu iweze kuwaka. Hayakuandikwa kwa ajili ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika ngazini na kila dirisha lina mtumishi. Hifadhidata ya Oracle juu ya Linux, mathalan, hutaka nafasi ya kubadilishia, ndiyo sehemu ya diski inayoazimwa kumbukumbu inapozidiwa, iwe sawa na kumbukumbu yenyewe ikiwa hiyo ni baina ya gigabaiti 2 na 16, na kumbukumbu ikizidi hapo gigabaiti 16 zatosha. Hutaka mtumiaji wake wa peke yake, asiye mkuu wa mashine, pamoja na vikundi vyake. Hutaka vigezo kadhaa vya kiini cha Linux vipandishwe. Kampuni hiyo imetoa kifurushi cha kutangulia ambacho juu ya Linux yake yenyewe hukamilisha mengi ya haya kwa dakika chache, nami hukitumia wala sioni haya. Lakini kifurushi hicho hakimjui mchomelea vyuma aliye chini ya ofisi, wala hakina habari ya tokeni.

Sharti la mtumiaji wa peke yake hudharauliwa sana, kwa kuwa mkuu wa mashine hufungua milango yote na kazi huenda sahali. Tuseme mtu mwovu amepata tundu katika programu: akiikuta inatembea kwa jina la mkuu wa mashine amekwisha kuwa mwenye nyumba, ilhali akiikuta inatembea kwa jina dogo lenye ruhusa chache atajikuta ndani ya chumba kimoja, na fundi atapata nafasi ya kumgundua kabla hajatoka humo.

Programu ya kusakinishia, kabla ya kuanza kazi, huikagua mashine na kuzionyesha kasoro ilizoziona, na chini ya orodha ile huweka kisanduku kidogo cha kumruhusu mtu azipuuze zote kwa pamoja. Kisanduku hicho kimewagharimu watu fedha nyingi. Si kila onyo lina uzito, na yako ambayo mimi mwenyewe huyaacha yapite. Lakini kila moja huliandika daftarini, nikaandika na sababu ya kuliacha, na nisipoijua sababu husimama pale pale hadi niijue, hata kama mwenye ofisi anatazama saa yake.

Tukitaja saa, saa ya seva nayo ina tafsili yake. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, na hatuzibadilishi kwa majira, jambo ambalo hutupunguzia mashaka mengi wanayoyapata watu wa Ulaya. Hata hivyo seva iliyoachwa katika saa ya dunia hutia tarehe ya jana kwenye malipo yaliyofanywa saa nane usiku wa Nairobi, na malipo hayo yakiangukia tarehe mosi, basi huingia katika mwezi uliokwisha kufungwa, na hesabu ambazo wakaguzi wamezitia sahihi zikabadilika zenyewe usiku. Tena katika mtandao wa Windows, kompyuta ambayo saa yake imeachana na saa ya seva kuu kwa zaidi ya dakika tano hukataliwa kuingia, kwa kuwa Kerberos, ndiye bawabu wa mtandao huo, huidhania hadaa. Kompyuta nne za ofisi ile zilikuwa na betri ndogo za saa zilizokufa. Kila asubuhi ziliamka zikiamini kwamba ni mwaka uliopita zamani. Betri hizo ni nafuu mno, na zilitoka mfukoni mwangu.

Sasa nifike kwenye yale yasiyofutika, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niombe wiki tatu badala ya moja.

La kwanza ni jina. Seva hupewa jina siku ya kwanza, na jina hilo huingia katika leseni, katika vyeti vya usalama, katika kompyuta za watumishi wote, na katika programu nyingine zinazozungumza nayo. Nimeiona seva iitwayo "jaribio" ikibeba mishahara ya watu mia tatu kwa mwaka wa saba, kwa kuwa aliyeisakinisha alidhani atalibadilisha jina baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Anwani yake katika mtandao nayo vivyo hivyo: iwe ya kudumu, iandikwe, asipewe mwingine.

La pili ni herufi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ni jambo ambalo vitabu vya nje havitufundishi. Majina ya watu wa Gitothua, na ya kaunti ya Kiambu kwa jumla, aghalabu ni ya Kikuyu, na Kikuyu kina irabu mbili ambazo Kiswahili hakina, ĩ na ũ. Seti za herufi zilizoundwa zamani kwa ajili ya Ulaya Magharibi, kama ile ya Windows yenye namba 1252, hazikuziwekea irabu hizo nafasi. Mũthoni akiingia humo hutoka Muthoni, na pengine hutoka na alama ya kuuliza katikati ya jina lake, kana kwamba mashine imemtilia shaka. Unicode, katika umbo lake liitwalo UTF-8, inazo zote, ila ũ moja hukalia baiti mbili badala ya moja, kwa hiyo safu iliyopimiwa baiti 20 huweza kulikataa jina la herufi 20. Katika Oracle seti hiyo huchaguliwa siku hifadhidata inapoumbwa, na kuibadilisha wakati imekwisha kujaa maisha ya watu ni kazi ya kuhamisha mji. Siku ya kuumbwa, kuchagua sawasawa hakugharimu hata shilingi.

Likaja jina la Ng'ang'a. Mama mhasibu, ambaye amekitumikia chama tangu siku za vitabu vya mistari, alinifungulia daftari la wanachama lililokuwa katika jedwali la kompyuta, tukaketi pamoja tukalitafuta jina hilo. Tuliliona limeandikwa kwa alama ya ritifaa iliyonyooka, tukaliona kwa alama iliyopinda, tukaliona kwa ile alama ya kuegemea nyuma iliyo pembeni mwa kibodi, tukaliona bila alama yoyote. Na kwa mashine hayo ni majina manne ya watu wanne. Nikayapanga kwa namba za vitambulisho. Mtu mmoja, mwenye namba moja, akatokea mara tatu.

Mama akavua miwani. "Kumbe huyu ni mmoja, fundi? Mimi kila mwezi namwandikia barua mbili za kumkumbusha mkopo."

"Ni mmoja, Mama."

"Maskini. Naye hajawahi kulalamika."

Alama ile iliyonyooka ina hatari nyingine, kwa kuwa katika lugha ya hifadhidata ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Programu iliyoandikwa ovyo ikipewa jina la Ng'ang'a hudhani kwamba neno limekwisha baada ya Ng, ikasoma yaliyobaki kuwa ni amri, ikashindwa. Tangu hapo jina hilo huwa la kwanza ninalolijaribu katika programu yoyote mpya kabla mteja hajailipia, na zipo zilizoshindwa.

Tulitumia siku nane nzima katika kusafisha daftari lile. Namba za simu zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo, kwa sababu jedwali huziona kuwa ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri; na namba isiyo kamili haiwezi kulinganishwa na malipo yanayoingia kwa M-Pesa. Namba za PIN za Mamlaka ya Mapato, ambazo huanza kwa herufi, zikafuata tarakimu tisa, zikamalizia kwa herufi, zilikuwa na herufi O palipostahili sifuri. Na tarehe zilikuwa balaa peke yake. Windows ikisakinishwa kwa desturi ya Marekani, ambayo ndiyo huja imechaguliwa asipoibadilisha mtu, huusoma mwezi kwanza. Mkopo ulioandikwa 03/04/2023, ambao kila mtu wa Gitothua anajua kuwa ni wa tarehe 3 Aprili, husomwa kuwa ni wa tarehe 4 Machi, na riba ikahesabiwa kwa siku ambazo hazikuwapo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele: tarehe 13 na kuendelea hukataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, lakini kumi na mbili za kwanza za kila mwezi huingia zikiwa zimepinduka, isipokuwa ile ambayo siku yake na mwezi wake ni namba moja, na mwenye kukagua akiona baadhi ya tarehe ni sahihi huamini kwamba zote ni sahihi.

Historia ya nchi jirani ina somo lililo kubwa kuliko langu. Tanzania iliipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mashine ya ICT 1500 iliyowekwa katika Wizara ya Fedha. Na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyodumu miaka mingi kabla ya kulegezwa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni gharama za fedha za kigeni, na kadhalika jaribio la kuzihamishia hesabu za serikali katika kompyuta, ambalo halikufaulu. Sikubaliani na wale wanaoicheka hatua ile kuwa ni ushamba. Waliokuwa wakitawala walikuwa wameona mashine imeletwa kabla ya watu wa kuiendesha, kabla ya vitabu kusafishwa, kabla ya shimo kuchimbwa, nao wakalaumu mche. Lakini angalau waliiona hasara na kuitaja waziwazi, wakati leo mashirika mengi hupata hasara ya namna hiyo hiyo na kuifukia chini ya leseni nyingine mpya.

Wiki ya tatu tuliitoa hasa kwa jambo moja, nalo ni kurejesha. Kila ofisi itakuambia kwamba ina nakala za akiba; ziulize ofisi hizo ni nakala ipi iliyowahi kurejeshwa, na nyingi zitanyamaza. Tulichukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, tukairejesha humo hifadhidata nzima ya mfumo wa zamani kutoka katika nakala ya usiku uliopita, tukapima muda. Ilichukua saa nne na dakika kumi. Nikampelekea mwenyekiti tarakimu hiyo, nikamwomba aamue kama chama kinaweza kukaa saa nne bila kuhudumia watu. Akasema saa mbili ndiyo mwisho wa uvumilivu wa wanachama, na kutokana na jibu hilo tukajua ni diski za namna gani za kununua, na kwamba zapasa kuwa mbilimbili, kila moja ikiwa kioo cha mwenzake. Nakala ya tatu ikapangiwa kukaa nje ya Ruiru. Na kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imewapa watu haki juu ya habari zao, ile kompyuta kuukuu tuliifuta majaribio yalipokwisha, tukaandika siku na saa ya kuifuta; vitambulisho vya watu elfu kadhaa haviachwi stoo kando ya fagio.

Alhamisi ya wiki hiyo, watumishi walipokwisha kuondoka, niliuchomoa waya wa UPS ukutani. Tulisimama gizani, mimi na Mama mhasibu na tarishi, tukizitazama taa ndogo za kijani. Dakika ya kumi na moja betri ilitoa mlio, seva ikapokea amri, feni zikapungua sauti moja baada ya nyingine, ikazima. Tulipourudisha waya ikaamka bila faili hata moja iliyojeruhiwa.

Jumamosi ndipo tuliposakinisha. Mwenyekiti alikuja mapema, akaketi kwenye kiti kile kile cha mapokezi. Chini mchomelea vyuma alikuwa na lango la kumaliza, na kila alipogusa chuma taa za ukumbini zilififia, ila katika chumba cha seva haikufifia hata moja. Programu ilikagua mashine, haikuonyesha onyo lolote, ikaendelea. Kabla ya saa tano asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Nikamwachia Mama kiti, nikamwambia aandike jina lolote apendalo. Hakuandika Ng'ang'a kama nilivyotarajia. Aliandika jina la marehemu mama yake, aliyekuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza, Wambũi, akabonyeza, na rekodi ikatokea. Akainua kalamu yake, akaigusa kwa ncha ile alama ndogo iliyo juu ya herufi, pale pale kwenye kioo.